Homa Nyumbani, Elfu Moja Mkononi

Tarehe 11 Desemba 1945, Alexander Fleming alisimama Stockholm kutoa mhadhara wake wa Nobel, miaka 17 baada ya kuiona penisilini ikiua bakteria katika kisahani chake cha maabara huko London. Alipokaribia mwisho alitunga kisa kifupi cha bwana mmoja asiye na jina. Bwana huyo anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, kiasi kisichotosha kuwaua vijidudu ila kinachotosha kuwazoesha dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini ile ile, dawa inagoma, anafariki. Fleming akauliza wa kulaumiwa kwa kifo hicho ni nani, na akajibu mwenyewe: mume, kwa kutumia dawa ovyo.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila nikimaliza nabaki na swali moja. Yule bwana alikuwa na shilingi ngapi mfukoni? Fleming hakusema.

Onyo lake limetimia. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliogeuka sugu, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi. Hapo sina ubishi. Ninachobisha ni lile jibu kwamba mkosaji ni mnunuzi, maana tumelirithi zima zima. Liko kwenye mabango ya hospitali, kwenye vipindi vya redio, kwenye semina: wananchi hawana elimu, wananchi wanakatisha dozi, wananchi wananunua dawa bila cheti. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kisha nikafanya kazi maabara. Tatizo hili nimeliona kutoka pande zote mbili, na kote kuwili yule mnunuzi ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko sisi wote.

Nilianzia Mbinga, mkoani Ruvuma, na si mahali padogo katika historia ya jambo hili. Ruvuma ndiko mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulikozaliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo tulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa za maumivu, za kikohozi na mfano wa hizo. Kiuhalisia yaliuza karibu kila kitu, kwa sababu famasi zilikuwa mijini na wagonjwa walikuwa vijijini. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule, TFDA, ambayo tangu 2019 ni TMDA, ilifanya uamuzi ambao mpaka leo nauheshimu. Haikuyafunga yale maduka. Iliyakagua, ikawafundisha wauzaji, ikawaruhusu rasmi kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache za kawaida. Mpango ukaenea nchi nzima, na Uganda na Liberia nao wakauiga. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi niliyepitia mafunzo yale ya wiki chache. Nikapewa cheti, kikatundikwa ukutani, nikavaa koti jeupe, na watu wakaanza kuniita nesi.

Kaunta yetu ilikuwa na kioo mbele, mizani ya kupimia watoto pembeni, na kisinia cha plastiki cha kuhesabia vidonge ambacho kona yake moja ilikuwa imemeguka. Amoksilini ilikuja katika makopo ya vidonge elfu moja. Unamimina kidogo kwenye kisinia, unavuta tano tano, unaviingiza katika bahasha na kuandika juu yake 2 x 3, yaani viwili kutwa mara tatu. Kwa asiyesoma unaeleza kwa jua: likichomoza, likiwa utosini, likizama. Mtu mzima aliyeandikiwa miligramu 500 mara tatu kwa siku 5 alihitaji vidonge 30 vya miligramu 250. Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu ulikuwa pale mteja alipoweka fedha yake juu ya kioo na ikawa ya vidonge kumi.

Mwenye duka alikuwa mzee mstaafu wa ushirika, mtu wa daftari. Hakupenda kumtoa mgonjwa mikono mitupu, na hakupenda pia kuvunja dozi. Akabuni utaratibu wake. Mteja akiwa na fedha pungufu, tunahesabu dozi nzima mbele ya macho yake, tunampa ya kuanzia, na iliyobaki tunaitia katika bahasha nyingine, tunaandika jina na siku ya kurudi, tunaiweka kwenye droo. Akirudi analipa, anachukua. Asipokuwa na kitu kabisa, mzee anaandika deni.

Ile droo ilinifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Mwezi wa nane, malipo ya kahawa yanapotoka kwenye vyama vya msingi, bahasha hazikai. Watu wanarudi siku ile ile waliyoambiwa, wengine kabla. Januari hadi Machi, wakati fedha za kahawa zimekwisha, mahindi yako shambani mabichi na kila mtu yuko kwenye mashimo yake ya ngoro akilima, droo inajaa. Watu walikuwa wale wale. Maelezo niliyowapa yalikuwa yale yale, kwa sauti ile ile, pamoja na jua likichomoza na jua likizama. Kama kukatisha dozi kungekuwa ni kukosa elimu, elimu hiyo ingekuwa inakuja na msimu wa kahawa na kuondoka nao. Tangu wakati ule, nikisikia mtaalamu akisema wanakijiji hawaelewi umuhimu wa kumaliza dozi, namuuliza ni mwezi gani alikwenda kuwauliza.

Kisha vikaja vipimo vya haraka vya malaria, vile vya tone moja la damu na mistari miwili. Lilikuwa jambo jema sana. Kabla yake kila homa ilikuwa malaria na kila homa ilipewa dawa ya malaria. Lakini vilileta swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu. Nalikumbuka kwa sauti ya bibi mmoja aliyeingia dukani na mjukuu mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto anachemka usiku kucha. Zahanati wamempima, wanasema malaria hamna. Sasa kama si malaria ni nini?"

"Hawakukupa dawa, bibi?"

"Wamenipa panadol. Nimetembea toka alfajiri, mwanangu, nirudi na panadol? Nipe zile za rangi mbili, hata za elfu moja."

Sasa kama si malaria ni nini? Mganga wa zahanati hakuwa na jibu, kwa sababu kipimo alichopewa kinajua jambo moja tu. Mimi sikuwa nalo. Bibi akaamua kwamba aliye kimya hajui, na kama hajui basi afadhali mtoto apewe kitu chenye nguvu. Mzazi gani angefikiri vingine?

Wakati huo huo, bila sisi kujua, watafiti walikuwa wanalitafuta jibu la bibi yule. Mwaka 2008 walichukua watoto 1,005 waliofika na homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kwa vipimo vingi ambavyo mgonjwa wa kawaida havioni maishani mwake, na mwaka 2014 matokeo yakachapishwa katika New England Journal of Medicine. Karibu watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikutwa kwa takribani mmoja kati ya 10. Wenye ugonjwa wa bakteria, ambao ndio hasa wanaoweza kufaidika na antibiotiki, walikuwa kama 2 kati ya 10. Kwa maneno mengine, kwa watoto wengi wenye homa ile panadol ya zahanati, maji ya kutosha na jicho la mama vilitosha. Lakini wapo wale wawili. Ukiwa na mtoto mgongoni, hujui kama wako ni mmoja wa wale wanane au mmoja wa wale wawili, na mtu anayekwambia nenda nyumbani hajui pia. Tafiti za baadaye, za nchi kadhaa za Afrika na za Afghanistan, zikaonyesha lile tuliloliona Mbinga: wengi wa waliopimwa wakakutwa hawana malaria waliondoka na antibiotiki. Tuliacha kubahatisha dawa ya malaria tukaanza kubahatisha amoksilini.

Swali la bibi ndilo lililonitoa dukani. Nilikwenda chuo kusomea maabara, nikaajiriwa katika hospitali kubwa ya mkoa, Kanda ya Ziwa, kitengo cha kuotesha vimelea.

Ni kazi ya subira, na nitaieleza kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani maabara ni kuweka damu kwenye mashine na kusubiri karatasi. Mkojo ukifika unachovya kitanzi cha waya, unakivuta juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, unafunika, unaweka kwenye sanduku la joto la mwili wa binadamu mpaka kesho. Kesho unafungua. Pana harufu yake, na aliyefanya kazi hii anaweza kubashiri mdudu kabla hajawasha taa. E. coli kwenye sahani ya MacConkey inaota ikiwa na rangi ya waridi. Unachukua vichache, unavipaka kwenye sahani mpya, unapanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake, unarudisha kwenye joto. Siku ya tatu unachukua rula. Dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara safi ambalo bakteria hawakuthubutu kuota. Unapima milimita, unalinganisha na jedwali, unaandika.

Nilipoanza niliona maduara mengi. Miaka ilivyosogea maduara yakawa yanapungua. Septrin ilikuwa karibu kila mara imezungukwa na bakteria mpaka ukingoni mwa karatasi, ampisilini hali kadhalika. Asubuhi moja nilifungua sahani ya damu ya mtoto mchanga. Alikuwa na bakteria aitwaye Klebsiella. Bakteria walikuwa wamefunika sahani nzima, wamepanda mpaka kwenye karatasi ya gentamisini, mpaka kwenye ya seftriaksoni, ambazo ndizo mtoto alikuwa akichomwa tangu alipolazwa. Nilikimbia wodini na karatasi mkononi kabla hata sijaiingiza kwenye daftari. Daktari aliibadilisha dawa dakika ile ile, lakini mtoto alikuwa ameshadhoofu, na hakuiona siku ya pili.

Nani alaumiwe hapo? Mtoto alikuwa na umri wa siku chache. Hakuwahi kukatisha dozi. Mama yake alikuwa amejifungulia hospitali, kama anavyohimizwa. Bakteria sugu wa aina hii hujificha kwenye sinki, kwenye mashine za kusaidia pumzi, kwenye mikono yetu wafanyakazi ambayo haioshwi ipasavyo maji yanapokatika. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili waliwahi kufuatilia watoto wenye bakteria kwenye damu mwaka 2001 na 2002. Katika matokeo yaliyochapishwa 2007, bakteria wa kundi ambalo Klebsiella imo waliua zaidi ya watoto 4 kati ya kila 10 waliowaambukiza, mara mbili ya waliokufa kwa malaria, na waliopewa dawa ambayo mdudu ameshaizoea ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kufa. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Bado hospitali nyingi za wilaya haziwezi kuotesha damu ya mtoto.

Takwimu moja inaniuma kuliko zote. Mwaka 2022 ilitoka tathmini ya nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Katika maabara zipatazo 50,000 za nchi hizo, zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria zilikuwa asilimia 1.3. Daktari mwenye shahada zake zote katika hospitali isiyo na sanduku la joto anabahatisha kama bibi wa Mbinga alivyobahatisha, tofauti ni kwamba yeye anabahatisha kwa kalamu na muhuri. Halafu tunamwambia bibi asitumie dawa bila kupimwa. Akapimwe wapi?

Maabara ilinionyesha pia kwamba wimbo wetu wa maliza dozi haukuwa na sayansi yote. Mgonjwa aliyepewa dawa anayoihitaji aitumie kama alivyoelekezwa, hilo halibadiliki; kwenye kifua kikuu hata siku moja isirukwe. Lakini bakteria hawangoji ukatishe dozi ndipo wazoee. Kila kidonge cha antibiotiki kinapita tumboni, ambako wanaishi bakteria wengi wasio na hatia, na kila mara kinawaua wanyonge na kuwaachia nafasi wenye kinga. Dozi nzima ya dawa isiyohitajika inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko nusu yake. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakifupisha dozi pale utafiti unaporuhusu: kwa mtoto mwenye nimonia ya kupumua haraka, Shirika la Afya Duniani limekubali siku 3 za amoksilini katika maeneo yenye maambukizi machache ya VVU. Kwa hiyo tulipokuwa tukimsimamia mtu mwenye mafua amalize vidonge vyake 30, tulikuwa tunasimamia jambo ambalo halikupaswa kuanza.

Na kwa nini linaanza? Hapa wasomi wenzangu huwa hawapendi kugusa, kwa sababu inaonekana kama kuwasema wafanyabiashara. Siwasemi. Duka la dawa linalipa pango, leseni, umeme na mshahara wa muuzaji, na fedha zote hizo zinatoka mahali pamoja, kwenye dawa iliyovuka kaunta. Ushauri haulipwi. Muuzaji akitumia robo saa kumwelewesha mama kwamba kikohozi cha mwanawe kitapona chenyewe, na akafaulu, amefanya kazi nzuri kuliko zote za siku hiyo na hajaingiza hata senti. Tumejenga biashara ambayo mwenye kutenda haki anapata hasara, kisha tunapeleka wakaguzi. Hali ni hiyo hiyo kwa maduka ya pembejeo yanayowauzia wafugaji wa kuku wa mayai OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ya kuchanganya kwenye maji kila banda linapopiga chafya. Mfugaji anakinga mtaji wake, muuzaji anakinga wake.

Serikali ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea, wa kwanza ulianza 2017, na bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Naiombea bima hiyo kwa moyo wote, kwa sababu najua itakachofanya kwenye ile droo ya Januari. Lakini kama bima italipia vidonge na isilipie kuotesha mkojo, wala isimlipe mtoa dawa kwa kupima na kushauri, tutakuwa tumempa bibi uwezo wa kununua zote 30 bila kumjibu swali lake. Ningekuwa na sauti, fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye masanduku ya joto ya hospitali za wilaya, sahani, na watu wa kuzisoma. Vitu hivi havifunguliwi kwa utepe na hotuba, na huenda ndiyo sababu vinasubiri.

Siku hizi nakaribishwa kufundisha watoa dawa. Nawafundisha vijidudu na sahani, lakini sehemu kubwa ya muda tunatumia saa ya ukutani. Mtoto wa kikohozi akija, mvue nguo ya juu, mwache atulie mapajani kwa mama, hesabu pumzi zake dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, hakuna cha kuuza hapo, hospitali sasa hivi. Pumzi zikiwa za kawaida na hana dalili ya hatari, hahitaji amoksilini, na ile elfu moja ya mama ibaki kuwa nauli ya kumrudisha hali ikibadilika.

Katika darasa moja dada mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, haya yote nimeyaelewa. Lakini duka langu linatazamana na maduka mawili. Mimi nikimrudisha, anavuka barabara."

Darasa zima likamgeukia, kisha likanigeukia mimi. Alikuwa amesema kweli, na hakuna kitini changu kilichokuwa na jibu lake. Tukaacha somo tukalijadili hilo mpaka jioni. Waliokuwa na maduka barabara moja walihamishana viti wakakaa pamoja, wakabishana bei, wakabishana nani huanza kuvunja makubaliano, na kabla ya kuondoka wakafungua kundi la WhatsApp la mtaa wao. Waliniingiza na mimi. Ujumbe wa kwanza uliingia asubuhi iliyofuata, bila jina la mtu: mtoto miaka miwili, kikohozi siku mbili, pumzi 32, ananyonya vizuri, kifua hakibonyei, nimempa mama ushauri arudi kesho kutwa au mapema akibadilika, akija kwako usimpe. Chini yake duka la pili likajibu: kaja, nimehesabu 34, nimemwambia vile vile.